Jiwe Katika Makande ya Msaragambo

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wazee wangu na mama zangu, shikamooni.

Kuna sauti moja ambayo naisikia vizuri kabisa mpaka leo. Ni pembe ya mzee Elinami. Kwetu huku milimani, juu ya Gonja, siku ya msaragambo, yaani siku ya kazi ya pamoja ya kijiji, mzee huyu anapanda kwenye jiwe nyuma ya nyumba yake na kupuliza pembe mara tatu. Ya kwanza inakuamsha. Ya pili inakukuta unatafuta jembe. Ya tatu ikikukuta bado uko ndani, utataniwa mpaka jioni.

Asubuhi ile tulikuwa tunakwenda kutoa matope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Pembe ya kwanza ililia nikiwa navaa sweta langu la kijani, nililolifuma mwenyewe, lenye vifungo vitano. Nikafunga cha kwanza, nikafunga cha pili. Pembe ya pili ikalia. Kufika cha tatu, mkono wa kulia ukakataa. Nikauangalia, nikacheka, nikadhani ni baridi. Nikataka kumwambia mama kwamba mkono umekufa ganzi, lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa maneno. Pembe ya tatu niliisikia nikiwa sakafuni.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mimi nilidhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee. Kumbe presha ilikuwa juu siku nyingi na sijawahi kupimwa hata mara moja. Watu wa msaragambo waliacha majembe, wakafunga machela ya miti na blanketi, wakanishusha mpaka barabarani, gari likanipeleka hospitali. Ndiva haikuguswa siku ile.

Ndugu zangu, ili mnielewe, lazima niwaambie nilivyokuwa kabla. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, lakini kwa kuota ndoto nina shahada. Nilikuwa na mashine ya kufumia, nafuma masweta ya shule, maana huku juu mtoto asiye na sweta hasomi, anatetemeka tu. Nilikuwa nataka kufungua duka Same mjini, karibu na stendi. Kibao cha duka nilishakichora kwenye daftari, na rangi nimeweka. Hata nikienda kuchota maji nilikuwa naongea peke yangu na wateja ambao bado hawajaja. Mama alikuwa ananiita redio.

Nikarudi nyumbani na fimbo, na mdomo umevutwa upande mmoja. Watu walijaa. Wakasema, "Mungu ni mwema, Nakijwa umepona." Na mimi niliitikia kwa kichwa. Lakini ndani, ndugu zangu, redio ilikuwa imezimika.

Sikuwa na maumivu makubwa. Sikuwa na hasira hata. Nilikuwa sina hamu, basi. Mama alinionea huruma, akafanya kila kitu. Aliniogesha, akanichana, akanilisha kwa kijiko. Nguo zote zenye vifungo akazifungia sandukuni, akanitafutia magauni ya kuvuta tu. Mashine yangu akaifunika kanga nisiione nikaumia. Hospitali walinipa karatasi ya mazoezi ya mkono, kufungua na kufumba, asubuhi na jioni. Niliiweka chini ya godoro. Wakati wa maombi nilikuwa nafumba macho ili watu wasione kwamba humo ndani hakuna kitu. Ndugu mmoja katika imani akaniambia, "Dada, chunguza imani yako, imepungua." Nikaamini. Nikaona hata Mungu nimemwangusha.

Halafu siku moja nikamsikia mama anaongea mlangoni na mzee Elinami. Yeye ndiye anayeshika majina ya msaragambo.

"Mzee, naomba umtoe Nakijwa kwenye majina. Umsamehe tu."

"Tumeshamsamehe, mama Nakijwa. Mwache mtoto apumzike."

Walisema kwa upendo kabisa, wala siwalaumu. Lakini ninyi wenyewe mnajua, huku kwetu wanaotolewa kwenye majina ya msaragambo ni vikongwe na marehemu. Na mimi ukongwe sikuwa nao. Nikajiambia, basi mimi niko kwenye lile kundi la pili.

Kuanzia siku ile nikaanza kuficha vidonge vya presha. Mama ananipa kidonge, nakiweka chini ya ulimi, akigeuka nakitoa, nakisukumia chini ya godoro, pale pale ilipo karatasi ya mazoezi. Nasema hili mbele yenu kwa aibu, lakini nalisema kwa sababu huenda kuna mwenzangu hapa ana godoro lake. Sikuwa nataka kufa kwa kelele. Nilikuwa nimeacha tu kutaka kubaki.

Bwana hakuniachia. Alimtuma shangazi yangu kutoka Maore. Shangazi hajui kukaa, akifika nyumbani kwa watu anafagia. Akageuza godoro alianike juani, na vidonge vikamwagika. Nikangoja anigombeze. Aliviokota kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga, akanifunga na mimi mgongoni kama mtoto, maana mwili ulikuwa umeisha, tukashuka kwenda kliniki.

Huko tulimkuta dada wa mazoezi ya viungo. Hakuniuliza kwanza habari ya mkono. Aliniuliza, "Nakijwa, kuna kitu chochote siku hizi unachotamani?" Nikasema hakuna. Nikalia mpaka kamasi. Akaniambia, "Kiharusi kinapiga ubongo, na hamu ya mtu inatoka huko huko. Huzuni hii inawapata wengi baada ya kiharusi. Ni sehemu ya ugonjwa, na inatibiwa. Siyo uvivu, na siyo imani ndogo." Akanipeleka kwa daktari, tukaongea, dawa nikaanza upya. Nikamuuliza yule dada hamu itarudi lini. Akasema, "Usiisubiri. Anza kazi ndogo bila hamu, yenyewe itakukuta njiani."

Ndugu zangu, maneno hayo niliyabeba kama mtu aliyebeba yai.

Kesho yake shangazi akaniwekea ungo mapajani, umejaa maharage.

"Mimi ya ubongo siyajui," akasema. "Ninachojua, keshokutwa kuna msaragambo, watu watakula makande, na maharage hayajachambuliwa."

"Shangazi, mimi nimesamehewa."

"Umesamehewa na nani? Mimi sijakusamehe."

Nikanyoosha mkono wa kushoto. Akaupiga kidogo. "Siyo huo. Huo unajua kazi tayari. Lete huo mvivu."

Nilichambua toka asubuhi mpaka jua likapinduka. Vidole vilikuwa vinakwenda kushoto mimi nataka kulia. Maharage yaliruka, kuku wakafurahi. Nilichoka hata kope zikachoka. Hamu haikuja. Lakini ungo uliisha.

Siku ya msaragambo wakanikalisha kwenye kigoda karibu na sufuria. Watu wakatoka kwenye ndiva na matope mpaka magotini, wakapakuliwa makande, wakala. Kimya kizuri cha watu wenye njaa. Mara tukasikia, ka! Mzee Elinami akashika shavu. Akatema kitu kiganjani, akakiinua juu tukione. Jiwe.

"Nani amechambua maharage haya?"

Wote walikuwa wanajua. Nikamwona mama anafungua mdomo aseme ni yeye. Nikamwahi.

"Ni mimi."

Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka, na lilisikika mpaka nyuma. Mzee akanigeukia.

"Nakijwa, nimebaki na meno manne. Unataka nimalizie maisha yangu kwa uji?"

Kijana mmoja akadakia, "Apigwe faini, mzee!"

"Hapigwi," akasema mwingine, "hayumo kwenye majina."

"Basi mrudisheni kwenye majina," mzee akasema, "tumpige vizuri. Faini yake, msaragambo ujao maharage yote ni ya kwake. Na hili jiwe ni mali yake." Akaja, akaufungua mkono wangu wa kulia, akaliweka, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Shika. Usimpe mtu."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Kicheko changu mwenyewe kilinishtua, kama kugongewa hodi na mtu aliyesafiri zamani. Mama alijifunika uso kwa kanga. Miezi yote ile niliogeshwa, nikalishwa, nikaombewa, na sikuwa nimegombezwa hata siku moja kama mtu mzima.

Hapo ndipo Bwana aliponifikia, ndugu zangu. Hakukuwa na radi. Wala sisemi niliinuka nikaruka. Vidonge nameza mpaka leo, kliniki naenda. Ziko siku niliamka redio imezima tena, nikachambua hivyo hivyo. Lile jiwe ndilo lililokuwa zoezi langu, nafumba, nafungua, na kila nikifumba nasema, asante Bwana, niko kwenye majina.

Kwa hiyo kama una mgonjwa nyumbani, mpende, lakini usimsamehe kila kazi. Mwachie hata ungo mmoja. Na kama wewe ndiye uliyelala, na ndani kumekauka, usidhani Mungu ameondoka. Mwambie mtu. Toa vilivyo chini ya godoro. Kisha mwamini Yeye kwa kitu kidogo cha leo tu, cha kesho atakuwepo kukipokea. Namshukuru Bwana, na shangazi, na dada wa kliniki, na meno manne ya mzee wetu.

Nimalizie na la juzi. Mama alikuwa ameshuka Maore tangu jana yake, nyumbani niko mwenyewe. Pembe ya kwanza ikalia. Nikafungua sanduku, nikatoa sweta la kijani. Kifungo cha kwanza, cha pili. Pembe ya pili ikalia, niko kwenye cha tatu. Kikateleza. Nikakirudia. Kikateleza tena, nikakirudia, kikaingia. Pembe ya tatu ikalia niko kwenye cha nne, na nikajua kabisa leo nitataniwa mpaka jioni.

Nikafunga cha tano, nikachukua ungo wangu, nikatoka.