Sauti ya Pili ya Kasiani Melkizedek

Ndugu waombolezaji, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yetu Kasiani Melkizedek, tunayemzika alasiri hii hapa Mikumi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, Magomeni, mjini Kilosa, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Melkizedek, mfanyakazi wa reli, na mkewe Paulina, akitanguliwa kwa miaka miwili na kaka yake Anselmi, aliye nasi leo. Alisoma shule ya misheni Kilosa kuanzia mwaka 1946 hadi 1953, na katika kurudi nyumbani kwa kufuata reli ndugu hao walijifunza kuimba pamoja, Anselmi akishika sauti ya kwanza, Kasiani akiitandika ya pili chini yake, wakivuta pumzi mahali pamoja bila kutazamana, hata mama yao akiwa jikoni hakuweza kusema yupi ni yupi.

Mwaka 1956 aliajiriwa reli, na kila Jumamosi jioni wawili hao waliimba nyimbo za dansi katika ukumbi wa wafanyakazi. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, waliimba katika uwanja wa mpira wa Kilosa, na waliokuwapo wanasimulia kwamba watu waliacha kucheza wakasimama kusikiliza, kwa kuwa sauti za watoto waliolala kitanda kimoja hukutana kwa namna ambayo mazoezi hayawezi kuileta.

Tarehe 6 Oktoba 1962 alifunga ndoa na Odilia, wakajaliwa watoto wawili, Regina mwaka 1963 na Marko mwaka 1967.

Mwezi Mei 1964 bendi moja ya Dar es Salaam ilimtaka Anselmi peke yake, na kwa kuwa baba yao alikuwa amepooza, mmoja ilimpasa kubaki. Kasiani alimsindikiza kaka yake stesheni, akamwambia, "Nenda, kaka, sauti yangu naitunza, utaikuta."

Mzee alifariki mwaka 1966, na mwaka huohuo marehemu alihamishiwa stesheni ya Mikumi. Anwani mpya hakumwandikia kaka yake, akisema anayemtaka atauliza, na barua za Anselmi ziliendelea kwenda Magomeni, katika nyumba yenye wapangaji wengine. Familia haifichi jambo hili, kwa sababu mwenyewe alilijutia.

Mwaka 1970 aliacha kazi ya reli, akajiunga na kijiji cha ujamaa. Mwalimu wa kwaya ya kijiji, akidhani kwamba hajui nyimbo kwa vile hakuimba ya kwanza kamwe, alimhamishia sauti ya kwanza mara mbili, naye mara zote mbili alirudi mahali pake. Hata shambani, akiwa peke yake, aliimba ya pili, akinyamaza pale ambapo kaka yake angeingia, kisha akiendelea. Watoto wake walikua wakizijua nyimbo zile kwa upande wa chini tu, hata siku moja mwaka 1972, redio ya kijiji ilipopiga mmojawapo kwa sauti ya Anselmi, Regina akasema, "Baba, huyu anakosea."

"Hakosei, mwanangu. Yuko peke yake," alijibu, akatoka nje.

Julai mwaka huu alianza kuugua kifua, akalazwa Kilosa tarehe 3 Agosti, na Regina, bila kumwuliza, akamwandikia baba yake mkubwa kupitia bendi. Anselmi alifika tarehe 19, akamkuta ndugu yake hana nguvu ya kutoa sauti, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaimba taratibu. Muuguzi aliyekuwapo ametuambia kwamba mgonjwa alivuta pumzi kila mahali alipovuta kaka yake, wimbo mzima, midomo ikitembea. Alifariki jana, tarehe 21 Agosti 1975, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi, wenzake wa reli waliomleta nyumbani, na wanakwaya, ambao tuna ombi kwao. Kaburini Anselmi ataimba sauti ya kwanza. Hata mnaoijua ya pili, tunawasihi msiishike.

Kasiani, pumzika kwa amani, mahali pako tumepaacha wazi.