Edinah Makokha, Aliyewajibu Watazamaji Wetu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Edinah Makokha anastaafu kutoka Studio ya Filamu za Umma hapa Kitale, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Karibu sote tulimkuta hapa. Hata mkurugenzi wetu wa sasa, siku yake ya kwanza, alipokelewa langoni na Edinah, akaonyeshwa mahali pa kupata chai na kuonywa mlango upi huwa unajifunga wenyewe.

Alizaliwa Ndalu, akasoma huko na baadaye Bungoma mjini, kisha akaajiriwa hapa kama mpiga taipu. Studio ilikuwa na kamera mbili na gari moja lililokuwa likizimika kila likiona mlima. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye alikuwa akiingia chumba cha uhariri na kumtazama mhariri akifanya kazi. Mhariri huyo alipohamia Nairobi bila kuaga, Edinah aliombwa ashike nafasi kwa muda. Muda huo ndio unaokwisha mwezi huu.

Kazi ya mhariri ni kuchagua. Wapiga picha hurudi na saa nyingi za mazungumzo, mashamba, ng'ombe na watoto wanaochungulia kamera, naye huamua ni dakika zipi zibaki. Filamu za hali halisi kuhusu kahawa, maji, shule na magonjwa ya mifugo, pamoja na katuni fupi tunazochora kwa ajili ya watoto, zote zilipita mikononi mwake.

Tulipoanza kuziweka filamu hizo mtandaoni, ilibidi mtu apewe jukumu la kusoma maoni ya watazamaji. Sisi wengine tulijifanya tuna kazi nyingi. Edinah alikubali, akawa akijibu kwa vidole viwili, miwani ikiwa puani. Watazamaji wetu si watu wa kubembeleza. Filamu hizi zinatengenezwa kwa ushuru wao na hawatuachi tusahau. Chini ya katuni yetu ya panya wa ghalani, mmoja aliandika: "Ati hii ushuru yetu ndio mnachorea panya? Mko serious bana?" Edinah akamjibu: "Ni ushuru wako kweli, na panya huyo anakula mahindi yako. Tazama mpaka mwisho." Yule bwana alitazama mpaka mwisho, akarudi kuuliza kama tunaweza kuchora na fuko.

Hatutasahau katuni ya uchaguzi. Mwigizaji wa sauti aliugua, na dereva wetu Absalom, mtoto wa Bungoma wa kutoka ndani kabisa, akasukumwa mbele ya kinasa sauti. Filamu ilipotoka, Absalom alikuwa akiwahimiza wananchi wote wajitokeze wakapige kula. Watazamaji walifurahi mno. "Tuko tayari kupiga kula, chapati ziko wapi?" aliuliza mmoja. Wakubwa walitaka filamu iondolewe. Edinah alikataa, akisema kwamba watu watakaopanga foleni siku ile watalitamka neno hilo vivyo hivyo, na hakuna atakayefukuzwa kituoni. Filamu ilibaki. Absalom naye anaitwa Mheshimiwa Kula hadi leo.

Tungependa kuishia kwenye kicheko hicho. Lakini Edinah hajawahi kukubali kusifiwa bila habari ya Misikhu kutajwa, na Fridah, ambaye habari hii ni yake kuliko ilivyo yetu, ameturuhusu kuiandika.

Miaka sita iliyopita tulitengeneza filamu kuhusu akina mama wanaohifadhi mbegu za asili. Karibu na Misikhu tulimpata nyanya mmoja aliyeitwa Nasimiyu. Alikuwa akitundika mahindi yake bora juu ya meko ili moshi ufukuze dumuzi, mdudu anayetoboa punje. Alizungumza vizuri, mikono yake ikipukuchua huku akieleza. Katikati ya maelezo aliiacha habari ya mbegu, akaitazama kamera na kuanza kuzungumza na binti yake, aliyekuwa ameondoka nyumbani miaka mingi nyuma. Alimwita kwa jina. Alimwambia arudi. Aliyosema baada ya hapo hatutayaandika, maana si yetu.

Edinah aliiondoa sehemu hiyo. Filamu ilitakiwa kuwa fupi, na ilihusu mbegu. Hakuna mhariri ambaye asingefanya hivyo, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa ameiona isipokuwa mpiga picha, ambaye alishahama.

Filamu ilipendwa. Maoni yakawa mengi: watu wakiomba mbegu, wakibishana kuhusu moshi, wakisalimiana. Miongoni mwao mtu mmoja aliandika maneno matatu tu: "Mikono hiyo naijua." Edinah aliyaona, akabonyeza kidole gumba cha kupenda, akapita. Kulikuwa na wengine wengi wa kujibiwa.

Mwaka uliofuata, mtu yuleyule akaandika tena mahali palepale: "Huyu ni mamangu. Tumemzika Jumamosi. Asanteni kwa kunibakishia sauti yake."

Tuliokuwa ofisini asubuhi hiyo tunakumbuka jinsi Edinah alivyoinuka kitini, akaketi, akainuka tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la diski za zamani. Alipoipata ile aliyokuwa akiitafuta, aliomba tutoke chumbani, akafunga mlango.

Fridah, binti huyo, hakuwa ughaibuni wala Mombasa. Alikuwa hapa hapa Kitale, mtaa wa Tuwan, anauza nguo za mitumba, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwa mamake. Aliolewa na Kiplimo, kijana wa kabila jingine kutoka mlimani, na babake akakataa katakata ndoa ile. Akamtumia ujumbe kwamba yeye na mamake hawataki kuuona mguu wake nyumbani. Baba alifariki, lakini ujumbe ule ulibaki. Binti aliamini kwamba mama alikubaliana nao. Mama, ambaye hakuwahi hata kuusikia, aliamini kwamba binti amewakataa. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Fridah alipoiona filamu yetu kwenye simu ya jirani, aliandika yale maneno matatu, halafu kwa siku kadhaa akawa akiazima simu ile kuona kama kuna mtu aliyemuuliza chochote. Aliyaona yamependwa. Basi.

Edinah alimwandikia, naye akaja studio na mumewe. Edinah alimketisha mbele ya kompyuta, akamweleza kwanza atakachokiona, kisha akaiwasha ile sehemu iliyokatwa. Mimi niandikaye haya nilikuwa mlangoni na trei ya chai, nikashindwa kuingia na kushindwa kuondoka.

Sauti ya nyanya ilipokwisha, Fridah alimgeukia Edinah. Halafu akauliza, "Kwa nini mliikata?"

"Filamu ilikuwa ya mbegu," Edinah alisema.

"Na mama alikuwa wa nini?"

 Edinah alimpigia magoti pale sakafuni, mwanamke mwenye mvi mbele ya mwanamke anayeweza kuwa bintiye, akamwomba msamaha. Fridah hakumwinua. Alisema, "Mimi leo sina neno la kukupa, mama." Kiplimo ndiye aliyemshika Edinah mkono akamsimamisha. Waliondoka na nakala yao, na chai ikapoa.

Baadaye habari hii iliwafikia wakubwa, nao wakaona kwamba itakuwa filamu nzuri sana. Mtu wa kutoka makao makuu alikuja mwenyewe kusema kwamba watu wangelia nchi nzima. Edinah alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hii si ya watu. Niliwahi kumkosea huyu mtoto kwa kuikata. Simkosei tena kwa kuionyesha." Filamu haikutengenezwa.

Tangu siku hiyo hakuna maoni yaliyopita bila jibu lake. Kidole gumba alikiacha kabisa. Mtu akiandika neno moja tu, yeye humuuliza: wewe ni nani, uko wapi, unamjua nani hapa? Wapo walioudhika na kumwambia aache udaku. Lakini yupo pia Kipruto, aliyeandika chini ya filamu yetu ya viazi, "Hiyo nyumba," basi, bila nukta. Edinah alimuuliza. Kumbe alizaliwa humo, na hakuwa ameongea na kaka yake tangu mazishi ya baba yao. Edinah alizitafuta namba za pande zote mbili. Krismasi iliyopita Kipruto alituletea gunia la viazi, na Edinah akamshukuru vizuri sana, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye gari. Hatukumfuata. Tulijua anamfikiria nani.

Inatusikitisha kumwona akiondoka, na inatusikitisha zaidi kwamba tulimwachia kazi hii peke yake tukimcheka kwa vidole vyake viwili. Nafasi yake haijatangazwa. Yapo mazungumzo ya kufunga sehemu ya maoni, kwa sababu, tunaambiwa, haina mwenyewe. Sisi wa chumba cha katuni tumekubaliana kuisoma kwa zamu, kila mtu siku yake, mpaka tutakapokatazwa. Hatutaifanya kama yeye. Mmoja wetu tayari amejibu swali la mtazamaji kuhusu minyoo ya ng'ombe na kulikosea kabisa.

Bi. Edinah, asante kwa kutufundisha kukata, na kwa kutuambia ukweli kuhusu kile kinachoanguka chini tunapokata. Hatutakuambia kwamba hukukosa, maana tulishakuambia mara nyingi nawe hukutaka kusikia. Asante kwa katuni mia na ushei ulizozitetea kana kwamba ni watoto wako. Asante kwa Absalom, ambaye bila wewe angekuwa dereva tu.

Wiki iliyopita Fridah alipiga simu ofisini kuuliza sherehe ya kukuaga itakuwa saa ngapi. Tulimwambia. Akauliza kama anaweza kukaa karibu nawe. Tulimwambia ndiyo. 

Nenda Ndalu ukalime shamba lako kwa afya njema. Mvua ikunyeshee kwa wakati, wajukuu wakuchoshe kidogo tu, na Mungu akupe usingizi, mama. Ukilala, ulale kweli.

Chepkirui, kwa niaba ya wafanyakazi wa chumba cha katuni