Abiria wa Alfayo Nyakundi

Wasikilizaji wapendwa, Alhamisi ile ya tarehe ishirini Novemba, Alfayo Nyakundi hakurudi ndani kunywa chai. Ilikuwa saa nne asubuhi. Chai yake ilikuwa mezani jikoni, kwenye kikombe cha bati alichotoka nacho Nyamache. Mpishi alimwita mara mbili kutoka mlangoni. Kisha akatoka kumfuata. Alimkuta bandani, ameketi chini, ameegemea gurudumu la trekta, na mnyororo uko mapajani mwake. Moyo ulikuwa umesimama. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Mimi ni Mumbua, na Jumapili hii tunamkumbuka Alfayo. Wengi wenu mlimjua kwa sauti yake ya besi kanisani hapa Northfield, Birmingham. Wengine mlimjua kwa kazi yake. Alikuwa mtunza uwanja wa nyumba ya wazee iliyo juu ya mlima. Nyumba ya wazee, juu ya mlima. Naomba mshike hilo.

Njia ya kupanda kwenye nyumba hiyo ni fupi, lakini imesimama kama paa. Ni njia ya binafsi, kwa hiyo gari la halmashauri la kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji haliingii. Theluji ikianguka humo, ni yako.

Alfayo alizaliwa Nyamache, Kisii. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa tayari anaendesha trekta kwenye shamba la chai kule Kericho, akivuta majani mabichi kwenye miteremko ya matope. Alikuja Birmingham mwaka 2007, akimfuata mkewe Kemunto, ambaye ni muuguzi. Kwa miaka saba aliwaosha na kuwavalisha wazee. Halafu nafasi ya uwanjani ikapatikana, na nafasi hiyo ilikuwa na trekta. Trekta dogo la kukata nyasi. Binti yao Fiona alipoliona mara ya kwanza alicheka. "Dad, that's a toy." Alfayo akamjibu, "Hata wewe ulikuwa mdogo hivyo, na ulitusumbua."

Katika nyumba hiyo anaishi Mzee Gurbachan. Mzee Gurbachan alizaliwa Nakuru, akawa fundi wa matrekta huko, akaondoka Kenya akiwa kijana. Kiswahili chake kimebaki kilekile cha gereji. Figo zake hazifanyi kazi. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la hospitali humchukua kwenda kusafishwa damu. Bila hivyo mwili wake hujaa maji. Siku tatu kwa wiki, bila kukosa.

Februari iliyopita alikosa. Theluji ilianguka tangu Jumapili. Jumatatu gari la hospitali lilifika chini ya mlima na kusimama. Alfayo alishuka na trekta likiwa na matairi yake ya nyasi, likateleza likakaa upande. Akachukua koleo. Alichimba mchana kutwa. Alichosafisha asubuhi kilikuwa kimejaa tena adhuhuri. Jumatano ikawa vilevile.

Mzee Gurbachan aliniambia, "Mimi niko dirishani, naona yeye. Chimba, chimba, na theluji inarudi nyuma yake. Napiga kioo, namwambia, fundi, wacha. Yeye hasikii."

Ijumaa walimshusha mzee kwenye kiti, watu wanne, pumzi yake ikiwa imekaribia kukatika. Alilala hospitali siku kumi na nane. Aliporudi, Alfayo alimwambia neno moja tu. Alimwambia, "Mwaka ujao hutakosa."

Kuanzia hapo ikawa kazi yake. Alitoa matairi ya nyasi, akaweka yenye meno marefu. Alipata sahani ya chuma ya kusukumia theluji kwa mkulima mmoja wa Bromsgrove, akaifunga mbele. Aliiita jembe. Aliipa miguu midogo ili ikae juu ya lami kwa upana wa kidole, isije ikakwama kwenye vifuniko vya mitaro. Alitia dawa ya kuzuia maji ya injini yasigande. Alijaza pipa zege, akalitia ndoano. Mzee Gurbachan alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi miguuni, akitaja makosa.

"Trekta yako iko nzuri, fundi, lakini haina viatu."

"Viatu vinakuja, mzee. Usiwe na haraka kama bibi harusi."

Viatu ni minyororo inayofungwa kwenye magurudumu ya nyuma yasiteleze. Kemunto anasema mumewe aliongea na trekta zaidi ya alivyoongea naye. "Nikamwambia, Baba Fiona, basi nenda ukalale nalo. Akasema atakwenda, likipata blanketi."

Mnyororo wa kushoto aliufunga Jumatano, tarehe kumi na tisa. Wa kulia ulikuwa umeletwa mfupi. Ulipungua pete mbili. Huo ndio uliokutwa mapajani mwake.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nafika mahali panaponihusu mimi.

Alfayo aliacha daftari. Aliandika kila hatua, ili siku akiugua mtu mwingine aweze kuendesha. Lakini aliandika kwa Kiswahili. Aliyechukua kazi yake ni kijana wa Stechford anayeitwa Rikesh, ambaye Kiswahili hakijui. Fiona anakielewa akisikia, kukisoma hawezi. Kemunto alikuwa amempeleka mumewe nyumbani kuzikwa. Kwa hiyo Rikesh alinipigia simu mimi, nami nikaenda bandani nikamsomea kwa Kiingereza, mstari kwa mstari.

Mstari mmoja ulisema, "Usishuke mlima bila abiria nyuma."

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na Kiswahili nilifaulu vizuri. Neno abiria halikunisumbua hata kidogo. Nikamwambia Rikesh, asishuke bila mtu nyuma.

Asubuhi ya baridi kali, Rikesh alimwomba mpishi asimame nyuma ya kiti. Mpishi akasimama, ameshika chuma. Walipoanza kushuka, jembe lilivuta mbele kwa uzito wake, nyuma pakawa pepesi, magurudumu yakazunguka bure. Trekta likageuka likagonga ukuta. Mpishi aliruka akavunjika kifundo cha mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba ni mkono tu.

Nilikwenda kuomba radhi. Mzee Gurbachan alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Abiria ni pipa, mama. Pipa la zege. Inaning'inia nyuma, trekta inakaa chini. Alfayo alisema, huyu ndiye abiria wangu, haongei, hashuki."

Nilikuwa nimeliona pipa hilo bandani. Nilikuwa nimeweka mkoba wangu juu yake.

Kwa Mama Fiona, kwa Fiona, kwa ndugu zake wote kule Nyamache, tunawapa pole. Poleni sana. Na kwa mpishi, ambaye najua anatusikiliza akiwa na mkono kwenye plasta, nisamehe.

Nanyi mnaonisikia, nina ombi moja. Kuna mtu karibu yako anayefanya kazi ambayo wewe unaiona imefanyika tu. Mwulize vyombo vyake anaviitaje. Mwulize angali anaweza kukujibu.

Kesho ni Jumatatu. Utabiri unasema theluji itaanza saa kumi alfajiri. Gari la hospitali litamfuata Mzee Gurbachan saa moja na nusu. Mnyororo mwingine Alfayo aliuagiza kwa simu yake, na simu imefungwa kwa namba ambayo hata Kemunto haijui, kwa hiyo hatujui aliuagiza wapi. Rikesh ameagiza wa kwake. Utafika Alhamisi. Jembe limenyooshwa, na pipa liko nyuma, limefungwa. Rikesh, Fiona na mimi tutakuwa pale saa kumi na mbili na makoleo. Gurudumu la kushoto lina mnyororo. La kulia halina.