Kondensa ya Paskasi Haikumuua Mama

Sogeeni, Xaveria na Paskasi, kaeni hapa kitandani mnisikie wakati pumzi ningali nayo. Shamba la Mutuka ni lako lote, Xaveria, na asije mtu wa ukoo akakwambia mwanamke harithi, kwa maana mgongo ulioinama pale ni wako. Nyumba hii ni yenu wawili. Pikipiki ni ya Paskasi, na hapo ndipo moyo wangu umekwama.

Paskasi, tangu tumzike mama yako hujashika spana. Unaipita pikipiki ile kama unampita mbwa mkali, na mtu akikuletea kazi unamwambia atafute fundi mwingine. Nimekueleza mara nyingi, ukaitikia "ndiyo, baba" ya adabu tu, hukuniamini. Leo nakueleza kwa mara ya mwisho, kwa hiyo nitazame usoni.

Kondensa yetu, Xaveria, kile kikopo kidogo cha umeme wa pikipiki, ilikufa mwaka ule ambao hata sabuni ilipatikana kwa foleni, na Babati nzima haikuwapo nyingine. Ukatoa ya Land Rover bovu, ukaifunga kwa waya chini ya tangi, ikafanya kazi. Halafu mama yako akazidiwa, nikampakia kwenda hospitali ya Dareda, na mbele ya kijiji cha Nakwa pikipiki ikazima. Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, huku yeye amelala kwenye majani ananiambia, pumzika kwanza, Baba Xaveria. Akakata roho palepale. Msibani baba yenu mdogo Wolfgang akasema mbele ya watu kwamba kondensa ya gari ndiyo iliyomuua, nawe ukalimeza neno lile mpaka leo.

Sasa sikiliza kama fundi. Kondensa ikifa, platini, vile vyuma viwili vinavyogusana ili injini iwake, zinapiga cheche kubwa, zinaungua na kuchimbika. Mimi nilifungua kifuniko cha platini palepale, mwili wa mama yako ungali na joto, nikazikuta safi kabisa, ila zimelowa povu la sabuni, cheche haipigi. Asubuhi ile, mgonjwa vile, aliamka akaiosha pikipiki kwa kipande cha sabuni alichokuwa amekificha, kwa sababu hakutaka masista wamwone ameletwa na chombo kichafu, na kifuniko hakikuwa na gasketi ya kuzuia maji. Nilizifuta kwa ncha ya kanga yake, nikapiga kiki moja, ikawaka. Ikawaka, mwanangu, kwa kondensa yako hiyohiyo! Nililia kwa sauti barabarani.

Msimlaumu. Alitaka kufika akiwa nadhifu, basi. Na Wolfgang msameheni, uchungu ndio uliomsemesha.

Chini ya kitanda, kwenye kopo la maziwa, kuna platini mpya, binamu yenu Konstantini alinitafutia Arusha. Za zamani nimezitembelea mpaka zimekwisha. Funga hizi, nafasi kati yazo upime kwa karatasi ya pakiti ya sigara, na kondensa usiiguse. Mnizike kando ya mama yenu... Xaveria, ninyanyue kichwa. Hivyo. Mungu awaangalie, mpendane, mlale mmeshiba, watoto wenu waje wawazike ninyi. Nimewabariki...

Isogeze pikipiki mlangoni, Paskasi, nione. Chukua spana... ndiyo, hiyo ndogo. Anza na kifuniko. Polepole tu, baba, lakini funga.