Kupika Lubisi Bila Kuionja

Kijiwe chetu cha Bakoba, nyakati zile za Mwingereza, kilikuwa mbele ya duka la Muhidini, na benchi lake lilikuwa na miguu mitatu ya kuaminika. Wa nne ulikuwa jiwe. Kwa hesabu yangu benchi lilitosha watu watatu na nusu, nasi tulikuwa wanne kila jioni. Kulikuwa na Mwijage, aliyepima magunia ya kahawa bandarini na kwa hiyo akaitwa Mizani. Kulikuwa na Rwegasira, tuliyemwita Redio kwa sababu alitangaza habari kabla hazijatokea. Mimi, niliyerudi kutoka Makerere na kufundisha hesabu, niliitwa Mwalimu tu. Wa nne alikuwa mzee Kashaija, tuliyemwita Ta kwa heshima, mpishi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Sifa za lubisi yake zilitoka Rubafu zikafika Muleba, kisha lubisi hiyo hiyo ikammaliza. Masika yaliyotangulia binti yake Alistidia alimkuta alfajiri amelala ndani ya mtumbwi wake wa kukamulia ndizi, maji ya mvua yakimfika masikioni. Tangu siku hiyo hakuonja tena. Saa zake za kilabuni alizihamishia kwetu, akakaa mwisho wa benchi, upande wa jiwe, akitafuna punje za kahawa kama zile tunazowakaribishia wageni. Jioni ninayoisimulia kulikuwa na habari kubwa: Alistidia alikuwa ameposwa na kijana wa Izigo.

— Wa Izigo wanaingojea lubisi ya arusi, alisema Redio kabla hata hajaketi. Wanasema wakipata binti wa Kashaija bila lubisi ya Kashaija, watakuwa wamepata nusu.

— Umesikia kwa nani? niliuliza.

— Kwa watu.

— Watu wangapi?

— Mwalimu, habari haipimwi kwa rula.

Mizani alikuwa amekwisha kusugua viganja.

— Jambo lenyewe ni jepesi, waitu, jamaa zangu. Ta Kashaija anapika, lakini haonji.

Ta Kashaija alitafuna polepole.

— Nisipoonja nitajuaje kama imeiva?

Swali hilo lilituwasha kama petroli. Wote watatu tulianza kusema kwa pamoja, na Muhidini, aliyekuwa akimimina kahawa, ilibidi ainue birika asije akagongwa mkono.

— Nitaonja mimi, alisema Redio.

— Wewe ukionja, alisema Muhidini, wakwe watakunywa nini?

— Basi ipimwe, alisema Mizani. Sikilizeni. Maji ya ndizi yakiwa bado matamu ni mazito. Yakiiva yanakuwa mepesi. Natundika kibuyu kwenye mizani yangu, nasoma, natangaza. Hakuna ulimi, hakuna dhambi.

Nilikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na msingi wa kisayansi. Nilifanya vibaya kukiri, maana tangu hapo kila mmoja alitaka sayansi yake.

— Uzito ni wa magunia, alisema Redio. Kitu kinachochemka chenyewe kinasikilizwa. Daktari anaonja mgonjwa? Anaweka mpira sikioni, anasikia. Mtumbwi ukifunikwa majani unanong'ona. Ukinyamaza, imeiva.

— Na ukikoroma? aliuliza Mizani.

— Huyo ni wewe uliyelala kando yake.

Ta Kashaija alitema ganda la kahawa kiganjani.

— Mnazungumza juu ya ulimi na masikio, alisema. Mimi ninaogopa pua. Nikimwaga unga wa mtama juu ya yale maji, ile harufu inaniita kwa jina.

Mizani aligeuka akatazama ndani ya duka.

— Pamba, alisema Mizani. Muhidini ana pamba dukani. Tunaziba matundu yote mawili.

— Atapumua wapi? aliuliza Redio.

— Kinywa kina kazi gani, ikiwa haonji?

— Hamjanielewa, alisema Ta Kashaija. Juzi walikamua kwa jirani yangu. Nilitoka kutafuta mbuzi wangu, nikajikuta uani kwao. Sijui miguu ilinipitisha wapi. Mke wake akanipa kiti. Niliondoka kabla ya kibuyu kufika, lakini nilikaa. Mnasikia? Nilikaa.

Alisema hivyo akitazama kikombe chake, na mtu mwenye utulivu angemwuliza alikaa akiwaza nini. Redio hakuwa na utulivu.

— Miguu! Mnaona? Ndipo nilipokuwa nakwenda. Jibu liko kwenye miguu. Nani anayekanyaga ndizi mtumbwini? Miguu. Ta Kashaija, visigino vyako vina nyufa?

— Vinazo tangu ujana.

— Basi umekwisha pata kipimo. Pombe changa hailumi ufa. Pombe iliyoiva inawasha kama dawa ya kidonda. Chovya kisigino, hesabu pumzi, sema imeiva au bado.

— Na ikimwingia kwa huko? aliuliza Mizani.

— Iingie wapi?

— Kwenye ufa. Damu iko pale pale. Mtu atalewa kuanzia chini, akili zikiwa za mwisho kupata habari.

— Mchungaji atamsimamisha ushirika kwa ajili ya visigino?

— Atamsimamisha asimame na nini, ikiwa miguu ndiyo iliyolewa?

Muhidini aliweka birika chini ili acheke vizuri. Mimi nami, badala ya kuwarudisha kwenye mada, nilikuwa nimeinama mchangani nikikokotoa eneo la visigino viwili likilinganishwa na eneo la ulimi mmoja. Nilipotangaza kwamba visigino vinazidi, ghasia ikawa kubwa zaidi. Mizani alipendekeza mbuzi: anyweshwe yeye, kisha atembezwe mbele ya wazee, akipepesuka, wageni waitwe. Redio aliona mbuzi ni wachoyo wa ushahidi. Yeye alitaka Ta Kashaija afungwe kitambaa machoni na pamba puani, awekwe kwenye machela kama Mukama, mfalme wa zamani, abebwe hadi mtumbwini, kisha ateremshwe miguu tu, na baada ya kipimo ainuliwe upesi.

— Nani atakayembeba? aliuliza Muhidini.

— Sisi, tulisema wote watatu kwa mpigo.

— Samahani, waitu, ilisema sauti nyuma yetu. Ninamtafuta Ta Kashaija.

Alikuwa mama mmoja mwenye kikapu kichwani na vumbi la lori kwenye gauni. Alijitaja kuwa ni Benadetha wa Izigo, shangazi wa bwana arusi. Kwa heshima tulisimama sote watatu kwa pamoja, na hapo mizani ya benchi ikaharibika: upande wetu uliruka juu, jiwe likachomoka, mti ukapasuka katikati, na Ta Kashaija akabaki ameketi chini na kikombe chake mkononi.

Redio ndiye aliyeanza kumwinua na kuzungumza.

— Ma Benadetha, umefika wakati unaofaa. Tunaipanga ile pombe yenu.

— Pombe yetu ipi?

— Lubisi ya Ta Kashaija. Ile mnayoingojea.

Mama aliteremsha kikapu. Alitutazama mmoja mmoja.

— Nimesimama hapa tangu yule mbuzi, alisema. Ninauliza tu. Ni nani aliyeiomba?

Redio alimtazama Mizani. Mizani alinitazama mimi, mtu wa hesabu, nami nilihesabu: si Alistidia, si bwana arusi, si wa Izigo, wala si mpishi mwenyewe. Waliobaki walikuwa wamesimama mbele ya benchi lililovunjika.

— Kaka yangu, baba yake kijana, tulimzika kwa sababu ya hiyo hiyo, aliendelea mama. Kijana hataki iingie uani kwetu. Nimetoka Izigo nikitetemeka, nije nimwombe Ta Kashaija radhi kwamba hatuwezi kuipokea.

Ta Kashaija alijipangusa vumbi. Alitoa punje za kahawa mfukoni, akampa mgeni kwa mikono miwili.

— Karibu, ma. Yangu siku hizi ndiyo hii.

Mama alitafuna. Muhidini alimimina kikombe cha mwisho, akakikung'uta, akampa.

— Imekwisha, alitutangazia sisi wengine.

— Mizani, alisema Ta Kashaija, kesho njoo kwangu na mkokoteni. Ule mtumbwi nimechoka kuupitia kila asubuhi. Ukigeuzwa chini juu watakaa watu sita.

Nilipoupima walitosha watano. Tuliukalia miaka mingi, na haukuyumba kamwe. Ila siku za jua kali mti wake ulitoa harufu kidogo. Siku hizo Ta Kashaija alikunywa kahawa yake amesimama, nasi tukasimama naye.