Roswitha Hägele na Nusu ya Pili ya Gari

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Bi Roswitha Hägele anavua koti lake la bluu baada ya miaka thelathini na minane katika karakana yetu ya modeli, hapa kwenye vilima vya Stuttgart. Alikuja akitokea kwenye tanuri la mkate la baba yake, na aliyemwajiri alimtazama viganja tu, cheti hakuuliza.

Kwa wageni wa sherehe: sisi huumba gari la kifahari kwa udongo, kwa ukubwa wake kamili, kabla bati halijakatwa. Lakini tunaumba nusu tu. Tunaiegemeza kwenye kioo kikubwa, na jicho linaona gari zima. Mswabia, mtu wa huku kwetu, akipewa nusu ya bure haulizi imetoka wapi.

Mwalimu wake alikuwa mzee Eugen Stoll, mkali kama siki. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa na haraka, akamstaafisha madigadi ya nyuma yakiwa hayajaisha. "Usijali, mzee, atamalizia mwingine." Mzee hakumaliza mwezi, tukamzika. Jumatatu baada ya mazishi Bi Roswitha aliniita, nami nilikuwa bado mgeni kazini.

"Gerlinde, hebu njoo. Angalia udongo, halafu angalia kioo."

Kwenye udongo madigadi yalikuwa yamekwanguliwa nusu, kama yalivyoachwa. Kwenye kioo yalikuwa yamekamilika. Nywele zilinisimama.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi nyamaza, nipe kisu."

Akakwangua akifuata kioo. Gari lile, tulipolipeleka kwenye chumba cha upepo kupimwa, lilitulia kama paka kando ya jiko, na wahandisi wakakumbatiana. Ndilo lililotupa jina.

Tangu hapo walifanya kazi pamoja, yeye huku na mzee kule ndani ya kioo. Asubuhi alimsalimia, mchana waligombana. "Unazidisha, Eugen! Hapo patatuama maji!" Wageni hawakushtuka, maana kila fundi wa udongo huongea peke yake. Tuzo zilipokuja alikionyesha kioo kwa kidole, na wakubwa wakasema mama huyu ni mnyenyekevu. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Mwulizeni yeyote aliyewahi kuacha sakafu chafu wiki ya zamu yake ya kufagia.

Lakini mwaka jana, tukila dengu na tambi kantini, aliweka kijiko chini. "Eugen anakwangua polepole sasa. Amechoka, Gerlinde, na hakuna wa kumruhusu aondoke. Mimi sitaki kubaki mle kiooni. Nataka kwenda nyumbani." Niliogopa kwa ajili yake, na kwa ajili yetu sote tunaosubiri zamu ya kustaafu.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini mwezi huu karakana nzima ilimgeukia Bi Roswitha pale Daktari Kienzle, mkuu wetu, aliposema kwa wema kabisa kwamba pua ya gari jipya iachwe, atamalizia mwingine. Bi Roswitha alishika meza. Kisha mwenzetu Horst, ambaye hajawahi kukubali kwamba kile kioo kina jambo, akavua saa yake akachukua kisu. Tukamfuata wote. Tulikwangua wiki nzima bega kwa bega, na kule kwenye kioo daima kulikuwa na mgongo mmoja ulioinama zaidi ya yetu. Hakuna aliyegeuka kumtafuta mwenye mgongo huo.

Jana alasiri Bi Roswitha alifumba macho, akapitisha kiganja taratibu kutoka taa ya gari hadi mlango wake. "Imekwisha," akasema. Halafu akakielekea kioo. "Na wewe, Eugen, weka kisu chini. Inatosha, mzee wangu."

Asubuhi hii, kabla ya kuja hapa, nilikwenda kuangalia. Pande mbili, udongo na kioo, zililingana. Nilimwita mzee kwa jina, nikaona uso wangu tu. Nilifurahi hadi nikalia, kisha nikaingiwa na hofu nyingine, maana kuanzia Jumatatu makosa yote yatakuwa yetu wenyewe.

Ahsante, Bi Roswitha, kwa mikono yako na kwa ukali wako. Mizabibu yako kule Fellbach inangoja kupogolewa. Tunakutakia usingizi mrefu na Jumatatu zisizo na kazi. Ukitoka leo, usiangalie nyuma. Mlango tutaufunga sisi.