Jethro Obwocha, Kitambaa Cheupe na Mkungu wa Ndizi

Miaka thelathini na moja ya kazi, mingi yake ya kulinda hewa isilowe, inafikia tamati Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Siku hiyo fundi Jethro Obwocha, ambaye sote wa kiwanda cha kupakia chai hapa Nyaramba humwita Mzee Kavu, atakabidhi funguo za chumba cha kompresa, mashine ya kubana hewa. Wanaosema amekataa kuzitoa mfukoni mpaka siku yenyewe hawamsingizii.

Aliingia mwaka wa 1994 akiwa kibarua wa kubeba magunia. Hewa iliyobanwa ndiyo hupuliza pakiti zifunguke kabla ya chai kumiminwa, na enzi zile ilipuliza na maji pia, kwa kuwa mvua yetu ya alasiri haina likizo. Ilipoletwa mashine ya kukausha hewa, ile inayoipoza mpaka maji yadondoke yenyewe, Jethro alipelekwa Nairobi kuisomea. Alirudi akiwa mhubiri. Filta ikichelewa kubadilishwa, tulihubiriwa. Aliyesahau kufungua koki ya kumwaga maji ya tangi alihubiriwa mpaka chai yake ya saa nne ikapoa.

Ndiyo maana kisa cha mkungu hakisahauliki. Mashine hiyo hupoza ndani, lakini nyuma hutoa joto. Mwaka wa 2009 Jethro alikuwa anatarajia wakwe siku ya Sabato, na ndizi zake zilikuwa bado mbichi. Akauleta mkungu kazini, akaufunika kwa gunia na kuusukuma nyuma ya mashine, pale pale panapotokea joto. Ndizi ziliiva vizuri sana. Mashine nayo, ikiwa imezibwa pumzi, ikashindwa kupoza. Maji yakapita filta zote na chai ikaanza kushikana madonge ndani ya pakiti.

Mzigo huo ulikuwa wa mnunuzi aliyekwisha kuturudishia chai mara moja. Akirudisha tena, tulikuwa tumempoteza, na akina mama wa upakiaji wangebaki bila kazi. Jethro alikuwa peke yake chumbani. Angeuficha mkungu na kuilaumu mvua, nasi tungemwamini. Badala yake alizima laini nzima ya mashine za kupakia, akaubeba mkungu begani hadi ukumbi wa upakiaji, akamwambia meneja Nyanchoka mbele yetu sote kwamba aliyelowesha hewa ni yeye, na kama kuna wa kufutwa afutwe yeye, akina mama wasiguswe.

Pakiti zote zilifunguliwa, na chai nzuri ikapakiwa upya, Jethro akiwa amekaa mezani pamoja na akina mama. Lori lilichelewa lakini liliondoka na chai kavu. Meneja alimwonya vikali, kisha akala ndizi mbili. Wakwe, tunasikia, waliambulia uji wa wimbi.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya laini kuwashwa, Jethro hupuliza hewa kwenye kitambaa chake cheupe na kukikagua dirishani. Kikiwa na tone, hakuna kazi. Mkewe, Phanice, hulalamika kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho mumewe hufua mwenyewe. Mnunuzi yule bado ni wetu, na akina mama wale wamesomesha watoto kwa kazi hii. Hilo hatulitanii.

Mrithi wake ni fundi Nyamoita. Juzi alisimamisha laini kwa kushuku doa dogo kwenye kitambaa. Jethro alikuja mbio kubisha, akakitazama, kisha akaenda mwenyewe kuleta filta mpya. Kwa Jethro, hiyo ni shahada.

Imbuya mono, Mzee Kavu. Kwa Kigusii chetu ni asante sana: kwa kazi, na kwa siku ile ya mkungu. Tumekuandalia mwingine mbichi. Uuivishe kwako, mbali na mashine za watu. Mungu akupe afya, shamba lizae, na wakwe wasikose njia ya kuja. Kitambaa chako kitapita mkononi mwa kila mama wa upakiaji kabla ya kumfikia Nyamoita. Kikifika kimelowa, tafadhali usizime laini. Hewa ni kavu; ni macho yetu tu yaliyolowa.